Kengele Niliyoikata

Kabula mwanangu,

Mama yako amekwisha kukueleza habari za chandarua, za vyakula vya mtaani, za kuficha simu ndani ya basi na za kwenda kanisani hata kama wenzako wamelala. Hapo sina la kuongeza. Sasa hivi ninyi wawili mko Ushirombo mnanunua begi, na mimi nimefunga mlango wa kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hujaniona nikilifanya. Nimesogeza pembeni redio ya mteja nipate pa kuweka karatasi. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kusomea uhandisi wa kompyuta. Kuna neno limenishinda kukuambia kwa mdomo miaka yote hii, na nikilingoja mpaka urudi likizo, najijua, sitalisema tena.

Gemu yako haikuliwa na virusi. Niliifuta mimi.

Najua ukifika hapa utataka kuikunja karatasi. Usiikunje bado, maana hilo ndilo dogo.

Wewe unanijua kama baba anayefoka akisikia neno gemu. Hukunijua vizuri nilivyokuwa kabla ya hapo, ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwa mchezaji. Mtu mzima, nina mke na watoto, lakini jioni nikishafunga kazi naelekea kwenye kibanda cha Mama Zainabu, kule kwenye televisheni mbili na mabenchi, na vijana wakiniona wananipisha. Waliniita Kocha. Katika mpira wa gemu hakuna aliyenifunga pale Runzewe, na usicheke, lilikuwa jambo kubwa kwangu. Mchana kutwa nainamia redio na simu za watu na hakuna anayekusifu kwa kuunga waya. Pale nikishika pedi watu wananisimamia mgongoni.

Ulikuwa unakuja na baba yako mdogo Maduhu, amekubeba mabegani. Siku moja, ukiwa darasa la tatu, uliniuliza, "Baba, gemu inajuaje kwamba mpira umetoka nje?"

Nikakujibu, "Imewekwa hivyo."

Ukauliza, "Imewekwa vipi?"

"Imewekwa tu, Kabula. Nyamaza nicheze."

Maduhu akacheka kwa ile sauti yake. "Kaka, mwambie mtoto hujui. Kwani kusema hujui kunauma?"

Kwangu kulikuwa kunauma. Maduhu alikuwa mchimbaji, hata kusoma alisoma kwa kusitasita, lakini hakuona haya kusema sijui. Mimi nilikuwa fundi. Televisheni ikinishinda, nilimwambia mteja aisii ya ndani imekufa. Nani atabisha? Mteja hajui aisii ni nini. Anatikisa kichwa kukubali, ananishukuru, anabeba televisheni yake mbovu anaondoka. Nilifanya hivyo mara nyingi hata nikasahau kwamba ni uongo. Ikawa ndiyo lugha ya kazi. Wewe unakwenda kujifunza maneno magumu kuliko aisii, na watu watakutikisia vichwa hivyo hivyo. Nakwambia mapema jinsi inavyoanza. Inaanza na kitu kidogo cha kukuondolea aibu mbele ya mteja mmoja.

Maduhu alikuwa anachimba kwenye duara moja, shimo la dhahabu, kule porini, wanne kwa zamu. Jirani yake kulikuwa na duara la zamani lililoachwa, limejaa maji, na kati ya mashimo hayo mawili ukuta wa udongo haukuwa mnene. Wote walijua. Siku moja akaja hapa kibandani, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akasema, "Kaka, wewe una akili ya vifaa. Tutengenezee kitu kitakachotuambia maji yakianza kuingia, kabla hatujayaona wenyewe. Chini kule giza, ukiyaona yameshakufika kiunoni."

Nilitengeneza ile kengele kwa siku mbili. Chupa tupu ya maji iliyozibwa, imefungwa kamba, ambayo ikielea inapanda na kugusisha vipande viwili vya shaba. Vikigusana, umeme unapita kwenye waya mpaka juu mdomoni mwa duara, kwenye betri ya pikipiki na honi. Unakumbuka tulivyoijaribu uani? Wewe ndiye uliyekuwa unamimina maji kwenye beseni. Honi ikalia, kuku wakatawanyika, mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani pikipiki imeingia ndani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, kabla wala baada.

Ilifanya kazi vizuri wiki kadhaa. Halafu ikaanza kulia bure. Wanapanda mbio kwenye ngazi, roho juu, wakimulika kutoka juu hakuna maji, chupa imelala pakavu. Wanashuka, inalia tena. Wenzake Maduhu wakaanza kumtukana, na kunitukana mimi. Akanipigia simu.

"Kaka, honi yako imekuwa mwongo. Njoo uiangalie. Ila sikiliza, irekebishe, usiikate. Hawa wanataka ikatwe, mimi sitaki."

Nikaenda Jumamosi asubuhi. Sikuchukua muda kuona tatizo. Jasho la duara, ule unyevu, lilikuwa limetanda katikati ya vile vipande vya shaba, umeme unapita bila hata chupa kupanda. Dawa yake niliijua pale pale: kuvitia ndani ya kipande cha bomba, kuziba mdomo kwa gundi, kuacha kitundu kidogo cha kupitisha kamba ya chupa. Bomba lilikuwa nyumbani. Gundi ilikuwa nyumbani. Kwenda na kurudi na kungoja ikauke, ni mpaka jioni.

Na siku hiyo kwa Mama Zainabu kulikuwa na mashindano. Walikuwa wanakuja vijana wa Ushirombo, wamejigamba wiki nzima kwamba Kocha wa Runzewe ni mzee amechoka.

Nilichukua koleo nikakata waya. Nikaikunja ile ncha, nikaifunga kwa utepe mweusi, isionekane kwamba imekatwa. Nilijiambia Jumatatu nitaleta bomba. Maduhu akaja akisugua tope mikononi, akauliza, "Vipi?"

Nikamwambia, "Imepona. Haitalia tena ovyo."

Akanishukuru, "Wabeja, kaka." Akashuka.

Mvua ilipiga mchana ule. Sisi tulikuwa kwa Mama Zainabu, bati linanguruma hata sauti ya gemu haisikiki. Nilikuwa nimewafunga wawili, nacheza na wa tatu. Kijana wa bodaboda akasimama mlangoni amelowa chapachapa, akasema, "Baba Kabula, kule kwa mdogo wako duara limejaa maji." Na mimi, Kabula, sikuiachia pedi papo hapo. Nilimalizia mpira uliokuwa unakwenda golini. Ni kitambo kidogo tu, pengine pumzi mbili, wala kisingebadilisha kitu. Lakini niliumalizia.

Watatu walikuwa katikati ya ngazi, wakapanda. Maduhu alikuwa chini kabisa.

Walimtoa kesho yake baada ya kuvuta maji kwa pampu. Hayo uliyasikia, msiba uliuona. Ambacho hukukiona ni kwamba nilipofika pale duarani siku ile ya mvua, wakati wengine wanapiga kelele na kutafuta pampu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuvuta ule waya wangu, kuuzungusha, na kuutia kwenye mfuko wa koti. Mdogo wangu yuko chini ya maji na mimi nakusanya waya. Msimamizi wa duara akanifuata akauliza, "Fundi, honi yako mbona haikulia?"

"Betri ililowa."

Akatikisa kichwa. Wote wakatikisa vichwa. Betri ilikuwa mbele ya macho yao, chini ya turubai, kavu. Lakini fundi amesema.

Tangu siku hiyo sikushika pedi. Watu walisema Baba Kabula ameokoka na gemu. Mzee wa kanisa alinisifu mbele ya wazazi wengine kwamba najua kulea. Mliposogea karibu na kile kibanda niliwachapa, na nikawa na maneno mengi ya kusema: gemu zinaharibu macho, zinaharibu masomo, zinafundisha uvivu. Yote ni maneno ya mtu asiyetaka kusikia sauti fulani. Hukuwa na kosa. Kucheza kwako hakukuwa kama kucheza kwangu. Mimi nilikuwa nacheza nitazamwe. Wewe ulikuwa unakaa pembeni na Zainabu, mtoto wa mwenye kibanda, mnabishana kwa nini mchezaji akipita ukutani kwenye kona fulani anazama, na nani aliyesahau kuweka nini. Wavulana walikuwa wanawaita Maprofesa, wakidhani wanawakejeli.

Kompyuta uliyotengenezea gemu yako ilikuwa ya Maduhu. Aliinunua imeshatumika, akaileta Runzewe kwa pikipiki, ameikumbatia. Akasema, "Hii ya Kabula. Mimi sijui kuiwasha." Sikuweza kuiuza baada ya yeye kufa, ingawa nilijaribu. Mama yako alinikatalia.

Ukafika kidato cha pili. Mwalimu wako wa hesabu akakupa ile programu ya kutengenezea gemu, Zainabu akakuazima flashi ya kuibebea, na wewe ukapotelea humo. Mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa nakuona umeinamia ile kompyuta baada ya kuosha vyombo, na daftari lenye michoro ya miraba miraba. Sikuuliza ni nini. Nilidhani nikikaa kimya itapita.

Halafu Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, ukaniita.

"Baba, njoo uone. Imeisha."

Nikakaa. Kwenye kioo kulikuwa na udongo wa kahawia, shimo limeshuka katikati, ngazi, na mtu wa miraba miraba amevaa kofia ya njano. Juu yake umeandika DUARA.

"Huyu ni baba mdogo," ukasema. "Hapa pembeni ni lile duara la zamani. Mvua ikinyesha, maji yanapanda huku, ukuta ukichoka yanapasua. Na hii ndiyo kengele yako."

Ulikuwa umeweka kila kitu. Chupa, waya, honi. Betri umeichora juu, chini ya kipande cha turubai cha bluu.

"Nimeiacha ijicheze yenyewe, baba, mara nyingi sana. Nimebadilisha mvua, nimebadilisha ukuta, nimemfanya baba mdogo awe mzito, awe amechoka. Kengele ikilia, anatoka. Ikichelewa kidogo, bado anatoka. Hatoki pale tu ambapo haikulia kabisa." Ukanigeukia. Hukuwa unanishtaki. Uso wako ulikuwa umejaa furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. "Kwa hiyo haikulia kabisa. Ilikufaje? Tukijua ilikufaje, tutatengeneza nyingine isiyokufa. Tuwape watu wa maduara yote."

Nikasema, "Betri ililowa."

Ukatazama kioo, ukanitazama. "Lakini betri ilikuwa juu."

Mtoto wa miaka kumi na minne. Watu wazima wote wa machimbo yale walitikisa vichwa, na wewe peke yako ukasema betri ilikuwa juu.

Nilisimama nikasema nina kazi. Kesho yake ulipokwenda shule, nikawasha ile kompyuta, nikafuta kila kitu, nikapiga windo upya, ikawa kama imetoka dukani. Nilikuwa nimepiga windo kompyuta za watu wengi, mikono inajua yenyewe. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Nikakaa nikitazama ule mstari ukijaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na ningeweza kuchomoa waya wa umeme ukutani, nikautazama tu.

Uliporudi nikakwambia ni virusi. Ukauliza vimetoka wapi. Nikasema, "Bila shaka kwenye flashi uliyoazima." Neno lilitoka jepesi. Halafu nikakuona ukivaa kandambili ukaenda kwa kina Zainabu, na nikajua unakwenda kufanya nini, na sikukuita.

Mama Zainabu aliniambia baadaye kwamba mlitukanana mpaka majirani wakatoka. Ulimwambia flashi yake chafu imeua kazi yako ya mwaka mzima. Yeye aliapa kwamba ilikuwa safi. Ilikuwa safi, Kabula. Hamjasemezana tangu siku hiyo, mkikutana sokoni kila mtu anatazama nyanya. Ulikuwa na rafiki mmoja tu mji huu aliyeelewa unachosema, na mimi nikakunyang'anya kwa neno moja, ili nilale.

Na sikulala.

Ulikaa zaidi ya mwaka bila kugusa ile kompyuta. Mama yako alidhani umekua. Kama si yule mwalimu wa fizikia kukurudisha kidogo kidogo, kesho usingekuwa unakwenda popote, na hilo pia lingekuwa langu. Kwa hiyo unapopita kuaga na watu wanasema fundi amezaa fundi, damu haipotei, niachie mimi niinamishe kichwa. Hujafika hapo kwa sababu yangu.

Nimefikiri nikupe ushauri gani na kila ninachoshika kinanichoma vidole. Labda hiki kimoja, kwa kuwa ni cha kazi na nimekilipia. Kifaa kikipiga kelele bure, usikinyamazishe ili watu wakuache. Kaa nacho, hata kama kuna sherehe unangojwa. Kelele ya bure ina sababu yake. Mimi sababu niliiona kwa macho yangu, nikaijua dawa yake, nikachukua koleo. Sikushindwa na elimu. Vitabu utakavyosoma huko vitakufundisha mengi kuliko nijuayo, lakini sidhani kama kipo kimoja kitakachokuzuia mkono saa hiyo.

Juma lililopita nilimwambia mama yako yote. Alikuwa anakunja nguo zako. Aliendelea kukunja mpaka zikaisha, akasema, "Usimwambie mtoto. Mwache asafiri kwa amani." Nikamjibu kwamba amani hiyo ni ya uongo, niliitengeneza mimi. Akasema, "Basi ungeitengeneza vizuri zaidi." Tangu siku hiyo anaongea na mimi mbele yenu tu.

Juzi nikaenda kwa Mama Masele, mjane wa Maduhu. Nilimkuta barazani anamenya karanga, Masele yuko ndani anafanya kazi za shule. Nikasema kila kitu kama nilivyokuandikia hapa, hata ule mpira nilioumalizia. Hakulia, hakunifukuza. Alimenya karanga mpaka nikamaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejiandaa hata kwa kupigwa. Akaita, "Masele! Toka umuage baba yako mkubwa, anaondoka." Mtoto akatoka mbio, akasema shikamoo, nikasema marahaba. Ana mabega ya baba yake. Yeye Mama Masele hakuinua uso. Nilipofika barabarani nikasikia akimwambia, "Funga mlango."

Jana asubuhi nikaenda kwa Zainabu. Siku hizi yeye ndiye anayeendesha kile kibanda. Sikuwa nimekanyaga pale tangu siku ile ya mvua. Alikuwa anafuta pedi kwa kitambaa, moja moja, anazipanga mezani. Akaniamkia kwa heshima zote. Nikamwambia flashi yake ilikuwa safi, na nani aliyefuta gemu.

Akasema, "Kumbe."

Akachukua pedi nyingine akaanza kuifuta. Nikangoja. Baadaye akauliza, "Kabula anajua?" Nikasema atajua kabla hajaondoka. Akasema, "Mimi nilimsaidia kuchora ile ngazi, mzee. Ile ngazi ilinichukua siku tatu." Basi. Sikuwa najua kwamba na yeye kazi yake ilikuwa mle.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi hii. Nimeona jinsi ninavyojua kutumia maneno, na nisingependa kukuomba kitu kwa ufundi. Kama huko chuoni utaitengeneza upya ile gemu, usinifiche humo. Niweke pale juu mdomoni mwa duara na koleo langu, nikiwa na haraka. Wanaoicheza wajue haukuwa ukuta peke yake.

Kesho sitaingiza barua hii kwenye begi lako kimya kimya uikute ukiwa mbali. Nitakupa mkononi, stendi, kabla dereva hajawasha gari. Kaa dirisha la upande nitakaosimama. Ukitaka kuifungua hapo hapo, ifungue. Ukitaka kushuka unitukane mbele ya abiria, shuka, mama yako atakushikia nafasi. Mimi sitasogea mpaka basi litoke, ili ukiinua macho unione, na unitazame vyovyote utakavyoweza.

Baba yako,
Lugata